Mkristo na Hesabu za Nyumba Yake



Katika mkoa wetu wa Singida fedha huja kwa msimu, lakini haja huja kila siku. Mvua zetu ni za msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Mei, Juni na Julai ndiyo miezi ya kuvuna na kuuza. Wakati huo mtu hutembea kifua mbele. Alizeti imeuzwa, vitunguu vimefika soko la Misuna, fedha iko mfukoni au katika simu. Ikifika Januari, watoto wanatakiwa sare, madaftari na michango ya shule, na ghala limeanza kuonyesha sakafu. Hapo mtu yule yule huuliza: "Fedha ile ilikwenda wapi?" Swali hilo huulizwa kwa uchungu. Mume humtazama mke, mke humtazama mume, na jibu halipatikani kwa yeyote kati yao.

Nyuma ya swali hilo lipo swali kubwa zaidi, nalo ndilo nataka tulitafakari pamoja. Je, ni wajibu wa Mkristo kuijua hali ya mali yake? Au mtu anayetazama fedha yake kila wakati ndiye yule mpenda fedha tunayeonywa habari zake katika Maandiko? Na kama kweli ni wajibu, kwa nini wengi wetu, hata wanyofu wa moyo, twaogopa kuutimiza?

Tuanze na hofu, maana ipo. Yuko mtu ambaye simu ikilia haipokei, kwa kuwa anajua anayepiga ni mdai. Yuko mwingine anayepita njia ya mbali ili asipite mbele ya duka ambalo jina lake limeandikwa katika daftari la madeni. Yuko mwingine aliyeahidi mchango wa bati za kanisa, akashindwa, akaona afadhali asije ibadani kuliko kukutana na mhazini mlangoni. Huyo hakuiacha imani. Aliacha hesabu, na hesabu iliyoachwa ikamtenga na ndugu zake. Jambo lililoanza kama shilingi limekuwa jambo la roho.

Hofu hii ina hila. Humwambia mtu: usipotazama, hutaumia. Lakini deni halilali kwa sababu mdaiwa amefumba macho. Tuchukue mfano. Mtu amekopa shilingi 100,000 kwa riba ya 20 kwa mia kila mwezi. Kila mwezi analipa riba tu, yaani 20,000, akiona kwamba anajitahidi. Baada ya miezi mitatu ametoa 60,000, na deni lake bado ni 100,000 kamili. Baada ya miezi mitano amelipa fedha yote aliyokopa, naye hajapunguza deni hata shilingi moja. Wananchi wenyewe wameibatiza mikopo ya namna hii jina la "kausha damu", na jina hilo halihitaji kufafanuliwa. Mnamo Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Wanaonaswa huko si wapumbavu. Wengi ni watu waliobanwa ghafla, kwa sababu hawakuiona shida ilipokuwa bado iko mbali.

Tena, asiyeijua mali yake huwa windo jepesi la mwenye maneno matamu. Tunakumbuka habari za DECI, mpango ambao Serikali iliusimamisha mwaka 2009. Watu waliambiwa wapande mbegu ya fedha, nao watavuna kupita kiasi walichopanda. Maneno yalikuwa ya kanisani, lakini faida ya waliotangulia ilitoka katika mifuko ya waliofuata. Mkulima anajua kwamba shamba haliwezi kutoa mazao bila udongo, mvua na jasho. Mtu aliyezoea kuketi na hesabu zake angeuliza mapema: mavuno haya yatoka shamba gani?

Sasa tufungue Kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 4. Mjane mmoja anamlilia nabii Elisha. Mumewe alikuwa mcha Mungu, naye amekufa akiacha deni, na mwenye kudai anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Tuangalie nabii anavyofanya. Hamhukumu marehemu kwa kukopa, wala hamkemei mjane. Anauliza ana kitu gani nyumbani mwake. Yaani kabla ya muujiza wowote, nabii anaomba hesabu.

Na jibu la mama yule lina mafundisho makubwa. Kwanza anasema hana kitu. Kisha anaongeza: ila mafuta kidogo chomboni. Ndugu, hofu na hesabu zimesimama hapo bega kwa bega. Hofu yasema, "Sina kitu." Hesabu yasema, "Ila..." Na katika "ila" ile ndimo Mungu alimofanyia kazi. Mwisho wa habari mama anaambiwa auze mafuta, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kile kitakachobaki. Sisi wa Singida, watu wa alizeti, twapaswa kuielewa habari hii upesi kuliko wengi. Mafuta yaliuzwa, deni likalipwa kwanza, na nyumba ikaishi kwa masalio. Ni utaratibu ulio wazi ambao mtoto wa darasa la tatu anaweza kuuandika.

Labda mtu atasema: lakini Daudi aliwahesabu watu, na ikawa kosa mbele za Mungu. Ni kweli. Na tajiri yule wa Luka 12 aliyahesabu mazao yake, akapanga kujenga ghala kubwa zaidi, naye akaitwa mpumbavu. Tena Bwana wetu ametukataza kuisumbukia kesho. Basi je, si afadhali tuache hesabu tuishi kwa imani?

Hapa yatupasa tupambanue. Daudi aliwahesabu watu kana kwamba ni wake. Tajiri alihesabu ili aiambie nafsi yake istarehe, bila kumkumbuka Mungu wala jirani. Kosa lilikuwa katika kile walichotaka hesabu iwape: yaani fahari, na usalama pasipo Mungu. Lakini Bwana yeye yule anayetukataza kusumbuka, ndiye aliyetoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, aketi kwanza na kupiga gharama. Kusumbuka na kuangalia ni mambo mawili. Asumbukaye huipitia shida ile ile usiku kucha bila kuiandika wala kuimaliza. Aangaliaye huitazama mara moja kwa muda wake, akafanya linalowezekana, akalala. Kwa hiyo mtu aliyeketi na daftari lake Jumamosi jioni, huenda analitii neno la Bwana juu ya kutosumbuka kuliko yule asiyekuwa na daftari.

Kanisa letu lenyewe hufanya hivyo. Katika mikutano yetu mhazini husoma mapato na matumizi, na wazee wa kanisa huuliza maswali. Mtume Paulo, alipobeba mchango wa makanisa, aliangalia sana mtu asije akapata neno la kulaumu katika shughuli ile. Someni Wakorintho wa pili, sura ya 8. Hakuna anayesema kwamba huko ni kupenda fedha. Twaona ni uaminifu. Sasa kama fedha ya madhabahuni yastahili kutazamwa kwa uaminifu, fedha ya nyumbani, ambayo sadaka hutoka humo, yakosaje kustahili?

Wala mtu asiseme kwamba hesabu ni desturi ya kigeni. Wazee wetu wafugaji waliijua vizuri. Jioni mifugo inaporudi, mwenye zizi husimama langoni. Hashiki kalamu. Anatazama tu wanavyoingia: yule mwenye baka, yule wa pembe iliyovunjika, yule mwenye mimba. Kwa muda mfupi anajua ni yupi hayupo, yupi anachechemea, na yupi anapungua maziwa. Anajua tena wale walioko kwa jirani kwa mapatano, na wale wa jirani walioko kwake. Mmarekani mmoja, Harold Schneider, aliyekaa miongoni mwa Wanyaturu na kutoa kitabu chake mwaka 1970, alionyesha kwamba mambo yao ya ng'ombe na nafaka yalikuwa uchumi wenye hesabu kamili, wala hayakuwa mapenzi ya mifugo tu.

Na yule mzee langoni hana hofu. Kwa nini? Kwa sababu alitazama jana, na juzi. Akikosekana mmoja leo, bado yuko karibu, kijana atatumwa kabla giza halijaingia. Lakini tuseme mzee amekaa miezi mitatu bila kwenda langoni. Siku atakayokwenda, miguu itamtetemeka. Zizi ni lile lile; ila kutotazama kumelifanya liwe mahali pa kutisha. Vivyo hivyo na fedha zetu. Twadhani hatutazami kwa sababu twaogopa, na kumbe twaogopa zaidi kwa sababu hatutazami. Mithali sura ya 27 inatuagiza tujitahidi kuzijua hali za makundi yetu, na leo makundi ya wengi wetu yamo katika simu, katika kisanduku cha kikundi, katika gunia, na katika daftari la dukani.

Lipo jambo jingine ambalo hesabu hutupatia, nalo ni kujua kiasi cha kutosha. John Wesley, aliyekuwa kasisi wa Kianglikana mpaka kufa kwake mwaka 1791, aliandika matumizi yake kwa miaka mingi sana. Yasimuliwa kwamba alipokuwa kijana kule Oxford alipata pauni 30 kwa mwaka, akaishi kwa 28, akatoa 2. Mwaka uliofuata alipata 60. Akaishi kwa 28 zile zile, akatoa 32. Hakuona kwamba fedha ikiongezeka ni lazima haja ziongezeke. Lakini angejuaje kwamba 28 zinamtosha kama asingeziandika? Asiyejua kinachomtosha hawezi kutoa kwa furaha, maana kila anapotoa anahisi kwamba labda anajinyang'anya. Hivyo hesabu yaweza kuwa mlango wa ukarimu.

Basi maskini ahesabu nini? Je, si kumwongezea uchungu? Tumkumbuke mjane wa Marko 12 aliyetia sarafu mbili katika sanduku la sadaka. Bwana alimsifu kwa sababu alitoa vyote alivyokuwa navyo. Mama yule alijua kwamba ni viwili, tena ni vyote. Kama angetoa pasipo kujua, tendo lake lingekuwa bahati tu. Kutoa kwake kulikuwa kukubwa kwa kuwa aliijua hali yake. Kumbe hesabu ya maskini yaweza kuwa na utukufu kuliko hesabu ya tajiri.

Sasa tuje katika matendo. Desturi isiyochosha ndiyo inayodumu. Mtu akianza kwa kuandika kila senti na kujiwekea sheria ishirini, atachoka kabla ya mwezi kwisha. Mimi nashauri haya machache.

Kwanza, chagueni saa moja ya juma, iwe ile ile. Jumamosi baada ya chakula cha jioni inafaa, kwa sababu kesho yake ni sadaka. Robo saa yatosha. Ikipita robo saa, fungeni daftari hata kama hamjamaliza.

Pili, daftari la shule la kawaida linatosha. Andikeni mambo manne tu: kilichoingia, kilichotoka, madeni (tunayodaiwa na tunayodai), na kinachokuja mbele yetu juma hili au mwezi huu. Anzeni na kilichoingia, hata kama ni trei moja ya mayai, ili neno la kwanza liwe la shukrani. Wenye kutumia simu wamepata msaada, maana ujumbe wa kutuma na kupokea fedha hubaki humo. Msiufute kabla ya Jumamosi. Mwaka 1970 ulitangazwa nchini kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wazee wengi walijifunza kusoma na kuandika chini ya miti. Elimu ile haikuwa ya kusomea barua tu. Na asiyejua kuandika aweza kumpa mjukuu kalamu.

Tatu, jioni ya kuangalia isiwe jioni ya kugombana. Kama imeonekana fedha imepotea njia, iandikwe tu, "hii haijulikani ilikokwenda", na mazungumzo yake yafanyike siku nyingine, mioyo ikiwa imetulia. Daftari likigeuka kuwa mahakama, juma linalofuata hakuna atakayelifungua.

Nne, mkikosa juma moja, msirudi nyuma kufukua. Anzeni na juma hili. Mzee wa zizi aliyeugua jana hajaribu kuwatazama ng'ombe wa jana; hutazama wa leo.

Tano, mara moja kwa mwaka, mavuno yanapouzwa, ketini kwa muda mrefu zaidi. Tuseme nyumba imepata shilingi 1,200,000. Zaka ni 120,000. Mbegu, kulimia na palizi ya msimu ujao zitengewe 240,000. Hubaki 840,000. Ukizigawa kwa miezi kumi na miwili ni 70,000 kwa mwezi. Sasa nyumba inajua. Kama kila siku 1,000 inakwenda kwa soda na vocha, hiyo ni 30,000 kwa mwezi, karibu nusu ya fedha ya nyumba. Hakuna haja ya mtu kuhubiriwa. Tarakimu zenyewe zimesema. Tena, bei hazitabiriki. Mwaka 2023 wakulima wa alizeti waliona bei ikianguka chini ya ile waliyoizoea. Na mnunuzi wa vitunguu anapotaka gunia la lumbesa, anayejua gharama ya gunia lake kwa shilingi ana neno la kumjibu. Asiyejua hunyamaza, akapokea anachopewa.

Jambo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Hesabu hizi zifanywe na wawili. Ziko nyumba ambamo mume huuza mazao, na mke huiona bei kwa kusikia kwa jirani. Ziko nyumba ambamo mke ana mkopo wa kikundi, na mume atajua siku wanakikundi watakapokuja kubeba masufuria na mbuzi. Katika ndoa takatifu watu hawa waliahidiana mbele ya madhabahu kushirikiana mali zao. Deni la siri ni uongo unaolala kitanda kimoja na wenye ndoa. Najua kulisema ni kugumu. Lakini anayesikia naye ana wajibu: mwenzi akifunua deni, asipokewe kwa ngumi wala kwa kejeli, maana amefanya tendo la ujasiri. Ukali wa leo ndio unaozaa siri ya kesho. Mjane aketi na mwanawe au dada yake. Kijana asiye na ndoa aketi na rafiki mwaminifu. Na ukiona deni limekuzidi, mwendee mdai kabla hajakujia, umwambie kiasi unachoweza kulipa kila mwezi. Aliyeahidi bati za kanisa naye afanye vivyo hivyo kwa mhazini. Heri bati moja la kweli na ndugu yetu akae nasi katika benchi lake, kuliko ahadi ya bati kumi inayomweka nje.

Sisi Waanglikana tunayo desturi inayofanana sana na hii. Kila Jumapili tunaungama. Maungamo yetu ni mafupi, yana saa yake, tunayasema pamoja, nayo huishia katika msamaha. Hatungoji mpaka dhambi zitulemee ndipo tuungame, wala hatuketi juma zima tukijipiga kifua. Tunasema kweli, tunapokea rehema, tunainuka kuiendea Meza ya Bwana. Hesabu ya nyumba ifuate njia hiyo hiyo: kweli fupi, rehema, na kuanza tena. Mungu tayari anajua kilichomo mfukoni mwetu na kisichokuwamo, na bado ametualika. Basi hatuna cha kumficha, na sisi wenyewe hatuna sababu ya kujificha.

Jumamosi hii, baada ya chakula, daftari liwekwe mezani, au juu ya mkeka. Isemwe sala fupi. Kisha nyumba ijiulize swali lile aliloulizwa mjane, ikumbuke kutaja na yale mafuta kidogo. Bwana awabariki katika kazi za mikono yenu.